Herufi Nene ya Mlazo Haijakosa Adabu

Imejengeka imani miongoni mwa wabunifu wa michoro, walimu wao na maofisa wanaopitisha mabango, kwamba herufi nene, iliyobanwa mbavu na kulazwa upande wa kulia, ni dalili ya kukosa ustaarabu. Ikiwa ubavuni mwa matatu, wanasema ni kelele za makanga. Ikiwa juu ya mlango wa bucha, wanasema ni ushamba. Mteja akiitaka kwenye nembo ya biashara yake, ataambiwa kwa upole kwamba inaonekana ya mtaani. Kisha huandikiwa dawa ile ile anayoandikiwa kila mtu: herufi nyembamba, pana, iliyosimama wima, na nafasi nyeupe tele pembeni. Hiyo ndiyo inayoitwa kazi safi.

Mimi napinga, na ushahidi wangu uko barabarani. Simama Mishomoroni, mtaa wa Mombasa upande wa bara, jioni, saa watu wanaporudi kutoka kisiwani, utazame mabango ya vinyozi, mafundi wa simu, wauza vipuri, hoteli na maduka ya dawa. Angalia lipi linasomeka na lipi limemezwa. Kwa Kiswahili kinachoandikwa kwenye ubao mdogo, na kusomwa na mtu aliye mwendoni, sijaona chombo kinachoishinda herufi nene iliyobanwa; na mlazo, ukitumiwa mahali pake, unaiongezea maana. Anayeidharau hajapima ubao wala hajahesabu herufi.

Nianze na hoja yao kubwa, maana ina methali nyuma yake. Wanasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza: kazi nzuri haihitaji kupaza sauti. Methali hiyo ni kweli kwa mtu ambaye sifa zake zimekwisha kuenea. Kampuni ya simu yenye mabilioni, ambayo rangi yake tu inatosha kutambulisha duka lake, inaweza kuandika jina kwa herufi ya kunong'ona na ikajulikana. Kijana aliyekodi kibanda juzi, mwenye bisibisi na taa ya kuchomea, hana rangi inayojulikana wala pesa za redio. Ana ubao mmoja, na watu wanaompita hawamjui. Kwake yeye inafaa methali nyingine ambayo wafanyabiashara wa pwani huitaja kila siku, kwamba biashara ni matangazo. Kumwambia anong'one mbele ya barabara yenye malori, tuktuk na honi ni kumwambia asionekane.

Sasa tuhesabu, kwa sababu ubishi huu umeendeshwa kwa ladha tu muda mrefu mno. Chukua ubao wa mita 1.3 kwa sentimita 60, kipimo cha kawaida juu ya mlango wa kibanda. Fundi anataka mistari miwili: TUNATENGENEZA, na chini yake SIMU. Neno la kwanza lina herufi 13, kwa hiyo kila herufi, pamoja na nafasi yake, inapata sentimita 10. Herufi kubwa ya upana wa kawaida, ukijumlisha nafasi ya pembeni, hula kama robo tatu ya kimo chake. Maana yake neno hilo haliwezi kuzidi kimo cha sentimita 13 hivi. Liandike kwa herufi iliyobanwa, inayokula sehemu mbili kwa tano za kimo chake, na kimo kinapanda hadi sentimita 25. Mistari miwili ya sentimita 25 inaujaza ubao na kuacha sentimita 10 za kupumulia.

Waandishi wa mabango wana kanuni ya kazi: kwa kila mita 3 za umbali, herufi ipewe kama sentimita 2.5 za kimo ili isomeke vizuri. Kwa kanuni hiyo, ile herufi "safi" ya sentimita 13 inasomeka vizuri kutoka mita 16 hivi. Ile iliyobanwa inasomeka kutoka mita 30. Matatu inayokwenda kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kila sekunde. Herufi pana inampa abiria sekunde moja na kidogo, na hapo hajageuza shingo. Iliyobanwa inampa sekunde mbili. Katika sekunde hiyo ya ziada ndipo mtu anapokumbuka kwamba simu yake ina kioo kilichopasuka.

Linganisha na Kiingereza. REPAIRS lina herufi 7. Kwenye ubao ule ule, kwa herufi pana ya kawaida, neno hilo linafika kimo cha sentimita 25 bila kubanwa hata kidogo. Hapo ndipo kilipo chanzo cha ushauri wote wa "iachie nafasi, ipanue". Ushauri huo umetoka katika vitabu na lugha ambazo maneno yake ya dukani ni mafupi. Kiswahili hubeba mtenda, wakati na tendo ndani ya neno moja, na neno hilo halikatiki katikati ya ubao. TUNATENGENEZA, HAIRUHUSIWI, WANAKARIBISHWA: haya ndiyo maneno yetu ya mlangoni. Mbunifu anayetuletea herufi pana kana kwamba tunaandika SALE na OPEN anatupima kwa futi ya nyumba nyingine.

Najua jibu lao, nalo ni jibu la wataalamu. Watasema uchunguzi wa usomekaji unaonyesha kwamba herufi pana husomeka mbali kuliko iliyobanwa, na kwamba alama za barabara kuu, kama zile zilizobuniwa na Jock Kinneir na Margaret Calvert huko Uingereza, hutumia herufi wazi zenye matumbo makubwa. Ni kweli kabisa, mradi herufi mbili zinazolinganishwa ziwe na kimo kimoja. Lakini ubao wa Mishomoroni haujafungwa kimo, umefungwa upana. Serikali ikiona neno halienei, huagiza bati kubwa zaidi. Mwenye kibanda hawezi kuurefusha ukuta wake uingie kwa jirani. Hata ukiikata herufi iliyobanwa robo nzima ya umbali wake kwa sababu ya huko kubanwa, inabaki na mita 22, na bado inaishinda ile pana yenye 16. Utafiti wao ni sahihi, wameutumia mahali pasipo pake.

Hoja yao ya pili ni kwamba hiki kitu si chetu, kimeletwa na matangazo ya Marekani na vijana wakakipokea bila kufikiri. Ni kweli herufi hizi zina historia ya ng'ambo. Mwaka 1827 Darius Wells wa New York alipata njia ya kuchonga herufi za mbao kwa mashine, na mwaka 1834 William Leavenworth akaongeza pantografu, chombo kilichowezesha umbo moja kuchongwa nene, jembamba au lililobanwa. Wenye maduka na wenye sarakasi walitaka maneno makubwa kwenye karatasi nyembamba za kubandika ukutani, na herufi iliyobanwa ikawa jibu. Tazama vizuri: mahitaji yaliyoizaa ndiyo haya haya ya mwenye kibanda wa leo. Shida moja huzaa chombo kimoja, huko na huku.

Ila kubana maneno ili yaenee mahali pa heshima ni ufundi ambao pwani hii iliujua kabla ya New York kuwako. Ndani ya msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa kwenye jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 wa Hijria, sawa na 1107. Mchongaji hakuyaandika kama barua. Alirefusha nguzo za herufi, akazisogeza karibu, akayafanya maneno yakae ndani ya fremu na kuipamba kibla. Alijua kwamba maandishi ya kutazamwa yana sheria zake, tofauti na maandishi ya kusomwa ukiwa umekaa. Hakuna mtu mwenye akili anayesema amekosa ustaarabu. Vivyo hivyo kanga: jina lake huandikwa kwa herufi kubwa nene ndani ya kisanduku chembamba juu ya pindo, na methali ikiwa ndefu herufi hubanwa hadi itoshe. Mama zetu wamejifunga maandishi mazito ya namna hiyo misibani na arusini, na heshima yao haikupungua.

Na hao hao wanaoiita ya mtaani huishangilia inapotundikwa ukumbini. Tangu miaka ya 1980 msanii wa Marekani Barbara Kruger amekuwa akiandika kwa Futura nene ya mlazo na Helvetica iliyobanwa, nyeupe juu ya nyekundu, na kazi zake zimo katika majumba makubwa ya sanaa. Nike imejenga matangazo yake kwa Futura nene iliyobanwa. Umbo lile lile likiwa New York ni ujasiri, likiwa Mishomoroni ni fujo. Hapo hatubishani tena juu ya herufi. Tunabishana juu ya nani anaruhusiwa kuonekana.

Nije kwenye mlazo, maana hapo ndipo dharau inapokuwa kali zaidi. Wanasema herufi inalazwa bure, kwa mbwembwe. Mlazo una ukoo wake: Aldus Manutius alichapa kitabu cha kwanza kwa herufi za namna hiyo huko Venezia mwaka 1501, zikiwa zimechongwa na Francesco Griffo kwa kufuata mwandiko wa wasomi wa zama zake. Zilikuwa herufi za wasomi kabla hazijawa za matangazo. Lakini sihitaji Venezia kuutetea. Njoo kwenye karakana ya fundi wa kuandika magari.

Kwanza anapiga mistari miwili ya mlalo kwa uzi uliopakwa chaki: mmoja wa kichwa cha herufi, mmoja wa miguu. Kisha anachukua kipande cha kadibodi alichokikata mshazari, anakiweka juu ya mstari wa chini na kuchora mistari ya mlazo, mmoja baada ya mwingine, ili herufi zote zilale kwa pembe moja. Pembe ikizidi, neno linaonekana linaanguka. Ikipungua, linaonekana limekosewa. Ndipo anachovya brashi bapa katika rangi ya mafuta aliyoizimua kwa tina.

Halafu kuna jambo ambalo kompyuta haimwambii mtu. Mlango wa abiria wa magari yetu uko kushoto. Ukitazama ubavu wa dereva, pua ya gari iko mkono wako wa kulia, kwa hiyo herufi iliyolala kulia inakwenda mbele pamoja na gari. Ukizunguka ubavu wa mlango, pua iko mkono wako wa kushoto, na herufi ile ile sasa inavuta nyuma wakati gari linakwenda mbele. Fundi anayeijua kazi yake ataligeuza neno la upande wa mlango lilale kushoto, au ataliacha wima. Asiyeijua atabandika stika moja pande zote mbili. Anayepima pembe na kuuliza gari linaelekea wapi anafikiri kama mbunifu yeyote mwenye shahada, na hafanyi mbwembwe.

Hoja ya tatu hutolewa kwa jina la sheria. Februari 2004 kanuni za matatu za waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, zilianza kutumika: vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, mikanda ya usalama, mstari wa manjano kuzunguka gari, na michoro ikafutwa. Baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliwaunga mkono vijana wa michoro, kisha Novemba 2018 kanuni zikafufuliwa chini ya waziri Fred Matiang'i. Katika mvutano huo, herufi nene ya mlazo imewekwa kundi moja na mwendo wa kasi na kujaza abiria kupita kiasi. Kidhibiti mwendo kinaokoa roho, na mkanda pia. Kuziba vioo kwa michoro ni hatari, na anayekataza yuko sawa. Ila sijaona hoja inayoeleza jinsi jina la gari lililoandikwa kwa herufi nene ubavuni linavyomfanya dereva aendeshe vibaya. Na tazama mstari wa manjano wenyewe: humo ndimo yanamoandikwa majina ya njia, moja baada ya jingine, katika nafasi finyu. Mishomoroni, Kisauni, Kongowea, kisha mjini. Yote yakae, yote yasomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Jaribu kwa herufi pana nyembamba uone utaishia wapi.

Na wapo wanaotamani mji mzima ufanane na Mji wa Kale wa Mombasa. Mwaka 2018 Kaunti ya Mombasa iliagiza majengo ya katikati ya mji yapakwe nyeupe yenye urembo wa buluu. Sina ugomvi na utulivu wa mitaa yenye milango ya kuchonga. Huko mabango yanyamaze, nyumba zizungumze. Mishomoroni ni mahali pengine. Ni mtaa unaokua, wa wapangaji na wafanyabiashara wadogo, ambapo duka linafunguliwa leo na mgeni anashuka steji bila kumjua mtu. Mtaa wa namna hii unahitaji maandishi yanayomwelekeza mtu upesi.

Lipo lalamiko lao moja ambalo ni la haki, nami nalichukua zima. Mabango mengi ya siku hizi yanayotoka kwenye mashine za kuchapa mabanna ni mabaya kweli. Ila mtuhumiwa si yule wanayemshika. Mwenye mashine huchukua herufi pana ya kawaida, akaibana kwa kipanya mpaka ikae. Kompyuta inapobana hivyo, nguzo zinazosimama zinakonda na mistari ya mlalo inabaki minene, kwa hiyo herufi inaonekana mgonjwa. Kisha anailaza kwa kubonyeza kitufe. Tazama O iliyolazwa namna hiyo: unene unarundikana juu kulia na chini kushoto, na pembe nyingine mbili zinakonda. Impact, iliyobuniwa na Geoffrey Lee na kutolewa na Stephenson Blake mwaka 1965, iko karibu katika kila kompyuta ya Windows, nayo haina mwenzake wa mlazo. Kila Impact iliyolala unayoiona barabarani imelazwa kwa nguvu.

Herufi iliyobanwa kwa ufundi huchorwa upya. Mbavu za O hunyooshwa ziwe karibu wima, tumbo lake likabaki wazi, nguzo zikapata unene uliopimwa, na mlazo ukasahihishwa kwa jicho kwenye kila mviringo. Fundi wa brashi hufanya hivyo bila kuambiwa, kwa sababu mkono wake haujui kubana kwa kipanya. Kwa wenye kompyuta, zipo fonti za bure zilizochorwa hivyo, kama Barlow Condensed ya Jeremy Tribby, yenye unene mbalimbali na mlazo wake halisi; mbunifu wake anasema imechota sura ya vibao vya magari, alama za barabara na mabasi ya California. Hakuna kisingizio cha kubana Arial.

Na Kiswahili kinaipenda herufi hii kwa sababu nyingine ambayo sijasikia mwalimu wa ubunifu akiitaja. Lugha yetu imejaa A. Andika BARABARA: nusu ya neno ni A. Herufi hii ni pembetatu, na kila mahali inapotokea huacha mwanya juu, kushoto na kulia. Katika herufi pana mianya hiyo inakuwa mikubwa na neno linaonekana limetoboka. Ibane A, miguu yake inakaribiana, mianya inapungua, na neno linasimama kama kitu kimoja. Taabu iko kwa M na W, ambazo hutujia kila mara katika MW na KW. Zikibanwa ovyo zinakuwa madoa meusi. Na iko kwa kile kikoma cha juu katika NYAMA YA NG'OMBE, ambacho mara nyingi huwekwa chembamba mno, kikapotea kabisa ukiwa mbali. Haya ndiyo maswali ambayo darasa la ubunifu hapa pwani lilipaswa kuyashughulikia.

Herufi hii ina mipaka, na anayeitetea sharti aiseme. Si ya aya. Si ya maelezo ya dawa, ambapo mgonjwa anasoma polepole na kosa moja linadhuru. Si ya jiwe la kaburi. Mlazo si wa ubao wa kliniki wala wa kibao cha shule, ambako hakuna kinachokimbia. Ukiweka maneno arobaini mazito kwenye banna moja, hakuna neno litakalosikika. Ni herufi ya neno moja, mawili, au mstari mmoja. Mafundi wazuri wanalijua hilo, ndiyo maana jina huwa nene na namba ya simu chini yake huandikwa kwa herufi tulivu.

Kwa hiyo nataka mambo matatu. Maofisa wanaopitisha mabango wahukumu kwa usomekaji na usalama, waache ladha. Wenye mashine za kuchapa waache kubana kwa kipanya na watumie herufi zilizochorwa kwa kazi hiyo. Na vyuo vinavyofundisha ubunifu viwaalike mafundi wa brashi darasani kama walimu, wawaonyeshe wanafunzi kadibodi ya mshazari, uzi wa chaki na jinsi ya kuibana A bila kuiua, kabla mikono hiyo haijaacha kazi kwa kushindwa na bei ya banna. Wanafunzi wakishahitimu masomo hayo, wachore fonti nene, iliyobanwa, ya mlazo, iliyopimwa kwa maneno ya Kiswahili tangu herufi ya kwanza. Fonti hiyo tunaihitaji, mafundi wa kuanzia tunao, na hakuna atakayetuchorea tukikaa kuionea haya.